Mbwa wa Ndani

Alfajiri hiyo mbwa alibweka ndani ya nyumba isiyo na mbwa.

Bibi Nyamizi alichungulia mvunguni, akatazama na nyuma ya mlango. Mbwa akabweka tena, na safari hii sauti ilitoka kinywani mwa Shani, mjukuu wake wa miaka mitatu.

"Mama, ni shetani huyo!" Mwanaidi, mama wa mtoto, alikuwa ameshashika chetezo. "Nimfukize ubani?"

"Toa moshi wako hapa! Hicho ni kikohozi, koo limevimba. Fungua dirisha, kisha kamwamshe jirani mwenye gari, twende hospitali. Na machozi yako yafiche. Akiogopa atalia, akilia koo litabana zaidi."

Bibi akamkalisha Shani wima mapajani, hewa ya baridi ikiwapuliza usoni. Kila Shani alipovuta pumzi, pumzi ilipiga mluzi, na kishimo kikabonyea chini ya shingo yake.

"Kitendawili," bibi akasema taratibu, kana kwamba ni jioni ya kawaida.

Shani akamkazia macho.

Nje, gari likawaka. Mluzi ukanyamaza. Midomo midogo ikafunguka, na bibi akainamisha sikio asikie kitakachotoka, "tega" au mbwa.