Funga Faili, Mwanangu

Mzee Funga alikuwa akimgombeza binti yake kwa makosa ambayo binti mwenyewe hajayafanya. Alikaa mezani, miwani puani, begi la hospitali miguuni, akaandika: "Umesahau tena kufunga faili, mwanangu." Akafuta. Akaandika upya, kwa upole kidogo. Kesho yake alikuwa anapasuliwa, na hakutaka mtoto ajue.

Jina hilo alibandikwa na vijana wa idara ya maji, alikotunza kompyuta mpaka akastaafu. Kila aliyeandika programu pale alimsikia akipita nyuma ya viti: umefungua faili, umesoma, sasa funga. Walimcheka mpaka basi. Lakini programu zake hazikuwahi kukwama, na wao walilijua hilo.

Mkewe alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla. Binti yao wa pekee alikuwa ng'ambo kikazi, na simu zao zilikuwa mateso matupu. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula, halafu kila mmoja akingoja mwenzake akate. Ndipo siku moja binti akasema, labda kwa huruma tu, "Baba, nifundishe hiyo C yako ya kuandikia programu."

Mzee nusura aruke. Kuanzia hapo, kila asubuhi alimtumia zoezi kwa barua pepe. Fungua faili, hesabu mistari iliyomo. Fungua faili, ongeza jina mwishoni bila kufuta ya zamani. Jioni binti alileta jibu, mzee akalisahihisha, na hapo ndipo walipokuwa na la kuambiana. Hata sikukuu binti hakukosa. Simu wakaziacha kabisa.

Binti alikuwa mwepesi wa kushika, ila ugonjwa wake ulikuwa mmoja, kufunga. Alifungua faili, akachukua alichotaka, akaenda zake kama mtu aliyetoka nyumbani na kuacha mlango wazi. Mzee akamwandikia: "Usizoee hivyo. Mashine ina uvumilivu lakini ina kikomo. Ukifungua tu bila kufunga, siku moja programu itakwama, ikuandikie jina lake na kukwambia faili zilizo wazi zimezidi. Utaumbuka."

"Sawa, Mzee Funga," binti akajibu.

Sasa mtoto kama huyu unamwambiaje kwamba unakwenda kupasuliwa? Angeacha kazi, apande ndege. Na mzee akinyamaza bila sababu, angeshtuka vilevile. Basi akaandika programu ya kushika nafasi yake. Asubuhi ingetuma zoezi, moja kati ya yale aliyokwisha kuyaandaa. Jioni ingesoma jibu na kutafuta mahali palipofunguliwa pasipofungwa. Ikikuta kosa, igombeze. Isipokuta, isifu. Akaijaza maneno yake na utani wake, mpaka ikawa yeye mtupu. Alijiona mwongo, na alikuwa mwongo kweli, lakini aliiacha kompyuta ikiwaka akafunga mlango.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichomshinda ni saa ya kuona wagonjwa. Wenzake wodini walizungukwa na watu, wajukuu wakikalia mashuka, dada zao wakimenya matunda. Kiti cha kando ya kitanda chake kilikaa kitupu hadi nesi akaja kukiomba kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Akamuuliza kama hana mtu wake.

"Ninaye," mzee akasema. "Tunaandikiana kila siku."

Alipogeukia ukutani, machozi yalimlengalenga. Upweke ulimkaba kuliko kidonda. Hapo ndipo alipokata shauri. Akirudi nyumbani atamwambia binti yake ukweli wote, kisha atamwomba kitu ambacho hajawahi kumwomba: njoo unione, japo wiki moja. Na moyoni, kwa siri ambayo hata yeye ilimtia haya, alitumaini kwamba mtoto ameshashtuka. Damu yako si itajua tu kwamba huyu anayeandika siye?

Alirudi akitembea kwa kushika ukuta. Kompyuta ilikuwa inavuma palepale alipoiacha. Hakuvua hata viatu, akafungua barua na kuanza kuzisoma tangu siku aliyoondoka. Zoezi, jibu, kugombezwa, "Sawa, Mzee Funga." Zoezi, jibu, kusifiwa, "Asante, Baba, lala salama." Zoezi, jibu, kugombezwa, "Sawa, Mzee Funga." Hata mara moja binti hakuuliza mbona leo unaongea hivi.

Ilimuuma, tusidanganyane. Kisha akajicheka. Si yeye mwenyewe aliyehangaika ili mtoto asigundue? Sasa analia nini? Maskini mtoto wa watu, anatoka kazini amechoka, bado anakaa chini kumfanyia baba yake mazoezi, na malipo yake ni kusahihishwa na mashine. Aibu ikamshika. Akavuta kiti, akaandika: "Mwanangu, nisamehe, nimekufanyia jambo baya. Na nina la kukuomba."

Kabla hajaendelea, akaona kuna jibu moja la binti hajalisoma, la jana jioni. Akaona ni adabu alisome kwanza. Lilikuwa mstari mmoja tu, ulioanza kwa jina la programu ambayo mzee hakuwahi kuiandika:

"jibu_baba: programu imekwama, faili zilizo wazi zimezidi."

Chini yake, programu yake mzee ilikuwa imeshajibu: "Safi sana, mwanangu. Leo sijaona kosa. Baba yupo hapahapa, anakusubiri kesho."