Mikono ya Haloti

Siku Lupe aliposimama kanisani na kusema anamtaka Haloti aje kujifunza useremala kwake, akina mama wa Kitonga, watu wa visiwani waliohamia mtaa wa Otara, walilia mpaka mchungaji akashindwa kuendelea na ibada. Haloti ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa gari la wizi lililomuua Filimone, kitindamimba wa Lupe, aliyekuwa abiria ndani yake. Alikiri mwenyewe mahakamani. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wakamfunga jela ya watoto, na sasa alikuwa ametoka.

"Huo ndio msamaha," watu walisema.

Lupe aliwaacha waseme.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, gereji aliyoipanua baada ya kufiwa na mumewe. Hapo walipokelewa vijana wa mtaa waliofukuzwa shule, waliokuwa wakishinda mbele ya maduka wakitafuta ugomvi. Waliingia wakivuta miguu, wakatoka mafundi.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, mwanawe mkubwa, Sitiveni.

"Mama, nakuomba. Asije hapa."

"Kumbe unamchukia kuliko mimi?"

Sitiveni aliinamisha kichwa, akatoka. Yeye ndiye aliyeleta habari ya ajali nyumbani, akihema, hata kabla ya polisi, na tangu mazishi hakuwa mtu wa maneno. Gari lake aliliuza. Kiwandani alikofanya kazi alikwenda kwa miguu, hata mvua inyeshe. Lupe hakumsumbua, kila mtu na namna yake ya kulia.

Haloti alikuja amevaa jezi ya raga iliyompwaya, macho chini.

"Umewahi kushika patasi?"

"Hapana, mama."

"Randa?"

"Hapana."

Wenzake walimpokea kama kawaida yao. "Oya, Haloti! Hicho ni kigoda au mbuzi anazaa?" Karakana nzima ikacheka. Haloti naye akacheka kidogo, akakivunja kigoda, akaanza upya.

Lupe angeweza kumuumiza wiki ile ile. Hakutaka. Mtu asiye na kitu utamnyang'anya nini? Alitaka kwanza ile mikono ipate cha kupoteza.

Basi alimfundisha kama ambavyo hakuwahi kumfundisha mtu. Alisimama nyuma yake, akamshika viwiko, akamwonyesha jinsi ya kuifuata mbao inakotaka kwenda. Alimpa patasi ya marehemu mumewe. Alimpikia, akamjazia sahani magimbi na nyama ya kopo iliyofungwa kwenye majani, akamwambia ale ashibe kwa sababu kazi ni nzito. Sitiveni alikuwa akiyaona hayo kupitia dirisha la jikoni, na hakutia mguu karakana hata mara moja.

Baridi ilipokwisha, Haloti alikuwa akichonga mabakuli ya kava, kinywaji cha mizizi cha wazee wa Kitonga, kila moja kwa gogo moja, bila kuunga. Wazee waliyageuzageuza, wakapitisha vidole kwenye ukingo, wakauliza nani kafanya kazi hii.

"Ni mimi," alisema Haloti, na kwa mara ya kwanza akawatazama watu usoni.

Jioni ile, akifagia vumbi la mbao, alimwambia Lupe, "Mama, sikujua kama mikono yangu ina faida."

"Sasa umejua," Lupe alisema. Akaingia ndani, akalala usingizi mzuri.

Jumamosi iliyofuata wenzake walikwenda kwenye mechi. Lupe akautoa ule mfuniko unaokinga meno ya msumeno wa meza. Akailegeza na reli inayouongoza ubao, upate kukwama.

"Haloti, nipasulie huu ubao. Fanya haraka, nausubiri."

"Sawa, mama."

Alitoka, akasimama kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua shuka moja moja. Msumeno uliwaka. Sauti yake ilipanda, ikakwaruza, ikakwama. Kisha Haloti akapiga yowe.

Lupe aliikunja shuka aliyokuwa ameishika. Akaenda taratibu.

Haloti alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, mkono wa kulia ameuzungushia jezi, na jezi imeloa damu. Vidole viwili vilikuwa vimebaki juu ya meza ya msumeno. Lupe aliitafuta moyoni ile furaha aliyoingoja muda wote huo, akaikuta. Ilikuwepo, ya moto.

"Pole," alisema, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu.

Sitiveni alikuja mbio kutoka nyumbani, akaishia mlangoni, mikono kichwani. "Mama! Ita ambulensi!"

"Ya nini?" Lupe alichukua funguo za gari lake ukutani, akazitupa mbele ya magoti ya Haloti. "Gari hilo hapo nje. Hospitali unaijua. Si dereva huyu? Alimwendesha mwanangu vizuri sana. Hebu leo ajiendeshe mwenyewe."

"Mama, basi!" Sitiveni alilia.

"Nyamaza! Endesha, Haloti. Nataka nikuone ukiendesha."

Haloti alizitazama funguo. Hakuzigusa.

"Mimi sijui kuendesha gari, mama," alisema, meno yakigongana. "Sijawahi kujua."

Akainua macho, akampita Lupe, akamtazama Sitiveni pale mlangoni.

"Alinililia barabarani siku ile. Aliniomba niseme ni mimi, wewe usipoteze wana wawili kwa siku moja."