Mama Hataki Kukaa

Kweli tupu hii, bila hata chembe ya chumvi, na anayebisha akaulize majirani: fundi wa paa alisimama wima sebuleni kwake kumpokea mama yake, na miguu yake wala haikuwa na habari.

Tangu ateleze kwenye bati na kuumia uti wa mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa hasikii kitu. Kilichomsimamisha ni umeme. Vibandiko vya kushtua misuli vilishika mapaja ndani ya suruali, waya zikapita chini ya shati, nyuma ya mgongo, hadi kwenye kiboksi mfukoni mwa aproni ya mkewe, aliyejibana ubavuni pake kama bibi harusi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewaonya: misuli iliyolala muda mrefu huchoka upesi.

Dakika chache zingetosha. Mama aingie, amwone mzima, aketi, naye aketi. Moyo wa Mama ulikuwa dhaifu mno, habari ya kuanguka kule ingemmaliza.

Ila Mama aliganda mlangoni, binti yake kamng'ang'ania mkono.

"Karibu kiti, Mama."

"Kiti cha nini? Nimekaa safari nzima mpaka nimeota mizizi. Kaa wewe."

"Nikae mama yangu amesimama? Ndivyo ulivyonilea?"

"Leo ndiyo unajifanya una adabu!"

Wakacheka. Paja la kulia likaanza kutetemeka. Fundi akashika ukingo wa meza.

"Ongeza," akanong'ona.

"Imefika mwisho," mkewe akajibu bila kufungua meno, huku akimtabasamia mkwewe. "Jamani Mama, keti, nikuletee chai."

"Chai nitainywa hapa hapa." Jasho lilikuwa linamtoka Mama puani. "Mbona umekonda hivyo, baba? Njoo nikukumbatie."

"Njoo wewe, Mama."

"Mimi ndiye mkubwa. Njoo!"

Hakuna aliyesogea. Vicheko vikakauka. Goti moja likakunjika, la pili likafuata, na fundi akaporomoka na kitambaa cha meza, waya zikachomoza nje ya shati.

Mama akapiga yowe. Lakini hakuondoka pale mlangoni.

"Ongeza!" alimfokea binti yake. "Ongeza, wewe, nimfikie mwanangu!"

Dada mtu akachomoa kutoka kwenye mkoba wake kiboksi chenye waya zilizoingia ndani ya gauni la Mama, akabonyeza, na unyayo wa kushoto wa Mama ukanyanyuka kutoka sakafuni.