Kitwitwi na Siku ya Kuhesabiwa

Bwawani walibaki ndege sita tu, na watu walikuwa wanakuja na darubini kuwahesabu. Wakionekana wachache, bwawa lingefukiwa.

Kitwitwi, asiyejua kutulia, akasema, “Jamani, ukishahesabiwa, zunguka nyuma ya matete upite tena!”

Wakazunguka, wakazunguka, hadi Korongo mwenye maringo akapepesuka kama mlevi. Kwarara mpiga domo, kila akipita, anapayuka, “Wageni, na mimi nipo!”

Makundi ya ndege yaliyokuwa yakipita angani yakasikia kelele. “Kuna karamu kule!” Yakashuka maelfu kwa maelfu. Watu wakaacha kuhesabu, wakabaki kushangilia.

Bwawa likasalimika. Kitwitwi akataka kupumzika, asipate pa kutua.

“Dada Korongo, sogea kidogo.”

“Nisogee wapi? Si ulitaka tuonekane tumejaa?”

Hadi leo Kitwitwi anakimbiakimbia ukingoni, mkia ukimcheza, akitafuta pa kukanyaga.