Bangili ya Mashavu

Mwaka huu Mashavu alikuwa ameshachukuliwa mara tatu na gari jeupe. Kila raia alivaa bangili ya kupima lakteti, ile asidi inayopanda damuni mwili ukielemewa. Ikifika nne, sheria ilikuwa moja: wodini siku tatu, uwe mgonjwa usiwe mgonjwa.

Mara ya kwanza alikuwa ametwanga mpunga wa shughuli ya jirani. Mara mbili zilizofuata ilikuwa pampu yake ya pumu, ambayo humfungua kifua na kuipandisha namba papo hapo.

"Mama, huna ugonjwa mpya, ni dawa tu," daktari alimwambia, kisha akamlaza, maana aliyeamua ni bangili, si yeye.

Mashavu alikuwa amechoka kuchukuliwa. Kisamvu alikitwanga kidogokidogo, mchi mara kumi kisha anakaa. Pampu aliificha kwenye kopo la chumvi.

Asubuhi moja moshi wa jikoni ulimkaba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Shekiondo, mumewe, akalikimbilia kopo.

"Vuta, mke wangu. Bangili na ipotelee mbali!"

"Kesho kutwa Hiyari anaolewa," Mashavu alisema, neno mojamoja. "Mwanangu hataolewa mimi nikiwa wodini."

Shekiondo akaitazama bangili. Mbili nukta moja, kijani. Taratibu akairudisha pampu koponi, akafunika. Akaketi kando ya mkewe, akawa anampepea kwa kawa, macho yake kwenye namba, si usoni pake.