Mhogo Wenye Kipande cha Mtu

Kila asubuhi Tumsifu aliweka kikombe cha chai ya tangawizi kando ya kompyuta na kupitia kanzidata ya vinasaba vya mihogo kabla ya kunywa. Asubuhi ile chai ilipoa. Ndani ya rekodi ya mhogo wake wa kwanza, ule uliomjengea jina kama mtafiti alipokuwa bado mwanafunzi, kompyuta ilionyesha kipande cha vinasaba vya binadamu.

Kumbe kuna mtu aliyeigusa sampuli bila glavu. Tumsifu akakilinganisha kipande hicho na vinasaba vya wafanyakazi, ambavyo maabara huvihifadhi kwa ajili ya makosa ya namna hiyo. Likatokea jina la Dakta Mbwambo, mwalimu wake, aliyekuwa chumba cha pili akifungasha vitu vyake. Alikuwa anastaafu siku hiyo.

Tumsifu akamwita na kumwonyesha skrini.

"Lo! Nimekamatwa," mzee akacheka. "Ulikuwa umelazwa na malaria, majani yanaoza, glavu zimekwisha. Ningefanyaje, binti yangu? Nilichuma mapya na kuyaandaa kwa mikono mitupu."

"Uliniambia majani yalidumu kwenye friji."

"Ungejua, ungekataa kuandika jina lako peke yake kwenye utafiti. Haya, nifute, nisiwaharibie watu mhogo wao."

Kidole cha Tumsifu kikasita juu ya kitufe cha kufuta. Miaka yote, mbele ya mzee huyu, alishindwa kutamka shukrani; hata kwenye kadi ya kumuaga alitia saini tu.

"Nitakufuta kesho, Mwalimu," alisema. "Leo kaa humo humo. Bila mikono yako nisingekuwa mtafiti. Asante."