Mkia wa Mlinzi

Panya alimwekea mkewe, aliyekuwa amejifungua, kopo la sukari ya uji. Sisimizi walipolinusa, akalisimamisha katikati ya sahani ya maji.

"Haya, ogeleeni!" akawacheka.

"Tumeshindwa, bwana mkubwa," wakajibu.

Panya hakuwaamini. Akaketi ukingoni mwa kopo alilinde mwenyewe, mkia wake mrefu ukining'inia hadi nje ya sahani. Usingizi ukamchukua.

Alipoamka, kopo lilikuwa tupu.

"Mmepita wapi?" akafoka.

"Mgongoni kwako, bwana mkubwa. Maji yalitushinda. Ulipokuja kulinda, ukatuletea daraja."

Mkewe aliunywa uji hivyo hivyo, bila sukari.

"Baba watoto," akasema, "siku nyingine njoo ulale huku. Maji yatalinda."